Nimwandikie nini mbunge?

SWALI: Sioni, natumia programu ya kusoma skrini. Fomu nyingi za serikali mtandaoni zinanikwamisha. Nimwandikie nini mbunge wangu?

JIBU: Barua ya malalamiko ya jumla huishia kwenye faili. Taja fomu moja, hatua unapokwama na sababu: mara nyingi kitufe ni picha isiyo na maelezo, hivyo programu hutamka "kitufe" tu. Kisha omba jambo moja: sheria ya manunuzi ya umma idai kiwango cha WCAG 2.2 (mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu), ngazi ya kati ya AA, kabla mkandarasi hajalipwa. Akishalipwa, nani atarudi kurekebisha? Kama nchi yako imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, mkumbushe Ibara ya 9, inayohusu haki ya kufikia habari na huduma, zikiwemo za mtandaoni.