Wanangu, msipulize dawa maua yakiwa wazi

Masika yamekata, bustani za kumwagilia zimeanza, na maswali nayo yameanza. "Shikamoo mama, nyuki wamehama." "Mama, matango yanapinda na kudondoka, ni ugonjwa gani?" Kila kiangazi ni hayo hayo, na kila kiangazi wanaouliza ni wageni wa kazi. Nawapenda, lakini safari hii someni kwanza.

1. Maji ya nyuki. Beseni kivulini, lenye mawe ya kutua, lisikauke hata siku moja. Kwa maji hayo wanapoza mzinga. Wakikosa wataenda bombani kwa jirani, kesi iwe yenu. Na nyuki wetu hawa hawabembelezi: joto likizidi, au sisimizi wakipanda, wanahama wote na kuacha masega matupu. Miguu ya stendi pakeni grisi.

2. Dawa. Hapa nitakaa, kwa sababu nimeona juzi na bado inaniuma. Kijana mmoja, mchapakazi kweli, aliona nzi wa matunda kwenye matango na maboga yake. Saa tatu asubuhi akavaa bomba mgongoni, akapuliza bustani nzima, maua yakiwa wazi na nyuki wakiwa ndani yake. Jioni mlangoni mwa mizinga kulikuwa na rundo la maiti.

Wanaotoka kutafuta chakula ni nyuki wakubwa; wadogo hubaki kulisha majana, yaani watoto wa nyuki walio ndani ya masega. Ukiua wanaotoka, nyumba nzima inalala njaa. Kisha likaja la pili. Mboga hizi zina ua dume na ua jike mbalimbali, na anayebeba chavua ni nyuki. Ua la boga hufunguka alfajiri, mchana limeshajifunga. Asipofika nyuki asubuhi hiyo, basi. Jike lisilopata chavua hugeuka njano na kuanguka, na tango lililopata kidogo hupinda. Kijana akaona vitunda vinaanguka, akadhani ni ugonjwa, akaenda dukani kununua dawa nyingine. Nilimkuta anaichanganya. Nilimnyang'anya ndoo, na sijutii.

Nzi wa matunda anaanzia kwenye tunda bovu. Okoteni yote, fungeni kwenye mfuko mweusi na kuuacha juani, tundikeni mitego. Ikibidi kupuliza, iwe jioni, nyuki wamerudi, na anzeni na mwarobaini. Msidhani jioni inatakasa kila dawa: imidacloprid hupanda ndani ya mmea hadi kwenye nekta na chavua, ikawangoja nyuki kesho yake. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2018 kuipiga marufuku nje ya nyumba za vioo kwa ajili ya nyuki.

3. Nyanya msiwadai nyuki wa asali. Chavua yake hutoka ua likitikiswa, na wanaolitikisa kwa mvumo ni wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao. Waachieni gogo kavu, msiwapige kwa ndala.

4. Penye watoto na mbuzi wa kamba, msiweke nyuki wakali. Mbuzi aliyefungwa hana pa kukimbilia. Fugeni nyuki wadogo wasiouma. Asali yao ni kidogo, lakini watu huitafuta.

5. Kurina ni jioni, kwa moshi wa taratibu. Msile ndizi kabla: harufu ambayo nyuki huitoa akichoma, ili kuita wenzake, inafanana na ndizi mbivu. Sega la majana liacheni. Sega ambalo halijafunikwa kwa nta liacheni pia, asali yake bado ina maji, itachacha na mteja atairudisha.

Kwa wiki hii, yeyote mwenye bomba lililojaa asipulize. Anitumie kwanza picha ya kibandiko cha dawa, upande ulioandikwa kiambato, nami nitamjibu hata iwe usiku.