Sailensa ya bunduki: inachopunguza na inachokuachia

Kwa fundi pikipiki, sailensa ni lile bomba la nyuma ambalo vijana wa bodaboda hulitoboa ili chombo kingurume. Kwa mwenye bunduki jina ni hilohilo, na kazi zenyewe ni ndugu. Mmarekani Hiram Percy Maxim, aliyepata hataza ya sailensa ya bunduki mwaka 1909, alishughulika pia na kelele za injini kwa kanuni hiyohiyo: gesi ya moto isitoke kwa mkupuo, izungushwe, ipoe, itoke polepole. (Baba yake ndiye aliyeunda bunduki ya rashasha ya Maxim, bombomu ya enzi za ukoloni. Baba alileta mlio, mwana akahangaika kuupunguza.)

Tatizo ni filamu. Zimewafundisha watu kwamba ukifunga kidude mdomoni mwa mtutu, risasi hutoka kwa "psss" na jirani haamki. Si hivyo. Ukinunua sailensa kwa matarajio hayo utajuta, na mbaya zaidi utavua vizibo vya masikio.

Mlio wa bunduki si kitu kimoja. Kuna kishindo cha gesi mdomoni, kuna mpasuko wa risasi inayokwenda kasi kuliko sauti, kuna chuma kugonga chuma ndani ya bunduki, na kuna risasi kutua kwenye shabaha. Sailensa inashughulikia cha kwanza tu. Ndani yake mna vyumba vilivyotenganishwa na visahani vyenye tundu katikati. Risasi hupita katikati bila kugusa, gesi inayoifuata hunaswa chumba baada ya chumba, inapanuka na kupoteza joto. Ikifika nje, shinikizo limeshuka sana.

Sasa hesabu. Bunduki ya kaliba 5.56 (kipenyo cha risasi kwa milimita) hupiga takriban desibeli 165, kipimo cha ukubwa wa sauti, za kilele karibu na mdomo. Sailensa nzuri hupunguza kati ya 20 na 35. Tuseme 30: unabaki na 135. Mpaka unaotumika sana kwa kelele za ghafla ni 140, kwa hiyo umevuka kwenda upande salama, lakini kwa nafasi ndogo, na nafasi hiyo huliwa na kila risasi inayoongezeka. Desibeli hazihesabiki kama shilingi. Kupungua kwa 30 maana yake nishati ya sauti imebaki sehemu moja kati ya elfu, ila sikio hulisikia kama sauti iliyopungua hadi sehemu ya nane hivi. Ndiyo maana anayeisikia mara ya kwanza husema, "Mbona bado inalia?" Inalia, ndiyo. Vaa vizibo, na ukiwa kwenye uwanja wa shabaha wenye paa, vaa na vifuniko vya masikio juu yake, maana ukuta hurudisha sauti na jirani yako huenda hana sailensa.

Mpasuko wa risasi ndio unaowashinda wengi kuelewa. Risasi ya 5.56 hutoka kwa zaidi ya mita 900 kwa sekunde, wakati sauti hewani husafiri mita 343 hivi kwenye nyuzi joto 20. Hapo risasi huburuta wimbi la mshtuko njia nzima, na sailensa haina la kufanya kwa sababu kelele hiyo inazaliwa nje, mbali na mtutu. Askari wa wanyamapori azingatie hili: bunduki ikiwa na sailensa atausikia mpasuko, lakini kishindo cha nyuma kinachomwonyesha mpigaji alipo kitakuwa hafifu au hakipo. Mpasuko wenyewe hudanganya mwelekeo, kwani sikio huuona umetoka pembeni mwa njia ya risasi, si pale aliposimama aliyefyatua.

Kuuondoa mpasuko kunahitaji risasi ya mwendo chini ya sauti: .22 ya polepole (namba yenye nukta mbele ni kaliba kwa inchi) karibu mita 320 kwa sekunde, .300 Blackout ya greni 220, yaani gramu 14 hivi, karibu 310, .45 ya bastola karibu 255. Hapo hali ya hewa inaingia. Kasi ya sauti hupanda takriban mita 0.6 kwa kila nyuzi moja ya joto. Alfajiri ya Julai Njombe, nyuzi 5, sauti huenda 334. Mchana wa Dar es Salaam, nyuzi 33, huenda 351. Risasi ya mita 340 itakuwa kimya Dar na itapasuka Njombe. Watu husingizia mwinuko. Mwinuko peke yake hauna kosa, ni baridi yake.

Na ukimya huo una bei. Hiyo .300 ya polepole hubeba joule 700 hivi, wakati .308 ya kawaida hubeba zaidi ya 3,000. Kwenye mita 200 inakuwa imeshuka zaidi ya mita 2 chini ya mstari wa mtutu. Kwa mnyama mkubwa ni ukatili, atakimbia na jeraha. Kwa sababu hiyo wawindaji wa Norway na Ufini, ambako sailensa ni kifaa cha kawaida cha kuwinda, wengi hutumia risasi za kasi zilezile na kuukubali mpasuko. Wanatunza masikio yao na ya mbwa.

Kinachoharibu sailensa kuliko vyote ni kufungwa vibaya. Hesi ya 1/2x28, yaani kipenyo cha nusu inchi na meno 28 kwa inchi, inapatikana kwenye mitutu ya .22, ya 5.56 na ya milimita 9. Maana yake sailensa yenye tundu la .22 itaingia vizuri kabisa kwenye bastola ya milimita 9, itakaza, itapendeza, na risasi ya kwanza itapasua visahani vyote. Soma kaliba iliyochongwa kwenye bomba kila unapofunga, hata kama ni lako. Kisha, bunduki ikiwa tupu na chemba wazi, pitisha fimbo ya kupimia iliyonyooka ndani ya mtutu hadi itokeze mbele: lazima ikae katikati ya tundu. Ikiegemea upande mmoja, usipige. Hesi imechongwa upande, au kuna uchafu kwenye bega la mtutu. Baada ya kila risasi kumi hivi kagua kama imelegea, lakini kwa kitambaa kinene au glavu, maana ukipiga mfululizo chuma hupita nyuzi 200.

Joto hilo pia huinuka mbele ya darubini na kuleta mazigazi, shabaha ikacheza kama lami ya mchana. Funika bomba kwa kitambaa maalumu au subiri lipoe. Uzito nao: gramu 300 hadi 600 kwenye ncha ya mtutu hubadilisha mahali risasi inapotua, hivyo pangilia shabaha upya ukiwa umeifunga, na uandike tofauti yake.

Bunduki za nusu otomatiki zina ugomvi wao. Gesi iliyozuiwa mbele hurudi nyuma, ikakujaa usoni, boti (chuma kinachofunga chemba) ikarudi kwa kasi, masizi yakajaa na maganda yakakwama. Kelele sikioni mwako hupungua kidogo kuliko tangazo linavyosema, kwa kuwa nyingine hutokea kwenye dirisha la kutolea maganda. Bunduki ya boti inayovutwa kwa mkono haina shida hiyo.

Sheria usikisie. Marekani sailensa husajiliwa tangu sheria ya 1934. Kodi yake ya dola 200 imekuwa sifuri kuanzia Januari 1, 2026, lakini usajili umebaki. Kwetu, leseni ya bunduki usiichukulie kuwa imebeba na kifaa hiki. Uliza kwa maandishi kwa mamlaka iliyokupa leseni, kabla ya kuagiza.

Usafi hutegemea kaliba. Za raifo kubwa huhitaji kidogo. Ipime ikiwa mpya, uandike gramu, uisafishe ikizidi sana. Za .22 hujaa haraka madini ya risasi, hivyo nunua inayofunguka. Kuna wanaoziloweka kwenye siki na dawa ya hidrojeni peroksaidi. Zinang'aa kweli, ila maji yanayobaki yana chumvi ya madini hayo, sumu inayopenya hadi kwenye ngozi. Sugua kwa brashi, vaa glavu, na kazi hiyo isifanyiwe jikoni.