Ukitaka kuwa mshauri wa kompyuta, jifunze kuweka mikono mfukoni

Mwaka 2012 nilipoteza hesabu za miezi minne za kampuni ndogo ya usafirishaji kule Industrial Area, Nairobi.

Stima ilipotea saa nane mchana, ikarudi kwa kishindo, na kompyuta iliyokuwa seva yao haikuwaka tena. Waliponipigia simu sikushtuka hata kidogo, kwa sababu bekapu niliwawekea mwenyewe: kila jioni faili zote zilikuwa zinanakiliwa kwenye diski ya nje. Nikafika pale nikitembea kama daktari bingwa, nikachomeka diski kwenye kompyuta yangu, nikakuta faili ya mwisho ni ya miezi minne nyuma. Diski ilikuwa imejaa. Tangu siku hiyo, kila jioni kijidirisha kilitokea kwenye skrini kusema nafasi imekwisha, na kila jioni mhasibu alikifunga, akachukua mkoba wake akaenda kutafuta matatu.

Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alinitazama juu ya miwani. "Kijana wangu, si wewe ulisema nisiguse kitu?"

Nilisema, tena mara mbili. Siku hizo niliamini kwamba mteja asiyejua ndiye mteja wa kudumu: asipojua, atapiga simu, na akipiga simu, nitatoza. Wiki tatu nikaketi na yule mama tukirudisha risiti za karatasi moja baada ya nyingine, yeye akisoma tarakimu, mimi nikiandika. Sikulipwa, wala sikuthubutu kuomba.

Vijana huniuliza sana ni cheti gani kitawafanya wawe washauri wa TEHAMA. Vyeti ni vizuri, vifanyie mtihani ukipata karo. Lakini CCNA yenyewe, kile cheti cha mitandao cha Cisco, inaisha baada ya miaka 3, na ujuzi mwingine haumalizi hata hiyo. Mimi niliwahi kuwa hodari wa kuelekeza dishi la intaneti ya setilaiti juu ya paa, kazi iliyonilipia nyumba kwa muda mrefu. Halafu mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zikatia nanga Mombasa, nyaya zikapanda hadi Nairobi, na dishi zikageuka viota vya ndege. Kitu pekee nilichojifunza wakati huo ambacho bado kinanilisha nilikipata darasani, si kwenye paa.

Nilikuwa nafundisha darasa la jioni mjini, karibu na barabara ya Tom Mboya. Mshahara ulikuwa wa kuchekesha, ila ulikuja kila mwezi, na yeyote aliyewahi kusubiri hundi ya mteja siku 90 anajua thamani ya "kila mwezi". Kosa langu lilikuwa moja: mwanafunzi akikwama, nilimnyang'anya kipanya nikafanya mwenyewe. Bonyeza hapa, pale, kwisha, umeona? Mzee mmoja aliyestaafu ukarani akaniambia mbele ya darasa zima, "Mwalimu, unaniharakisha kama makanga. Umeshuka wewe, mimi bado niko ndani ya gari."

Kuanzia wiki iliyofuata nikaanza kuingiza mikono mfukoni. Kweli kabisa, kama mtu anayesikia baridi. Ni vigumu kuliko unavyodhani. Tulikuwa tunajifunza kubana vichwa vya nyaya za mtandao, nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili. Mpangilio una jambo la ajabu: kijani-nyeupe inakaa nafasi ya 3, lakini mwenzake kijani yuko nafasi ya 6, na jozi ya buluu imeingia katikati yao. Mtu mwenye akili timamu huona huo ni upuuzi, anaziweka jozi zote pamoja, pande zote mbili. Anapima kwa kipima waya: taa zote nane zinawaka kwa zamu, moja hadi nane. Anafurahi. Kisha anaunganisha kompyuta na mtandao unakwenda kwa kuchechemea, kwa sababu ishara moja sasa imegawanywa kwenye nyuzi ambazo hazijasokotwa pamoja, na kelele za jirani zinaingia.

Yule mzee alifanya hivyohivyo. Nilijua tangu alipoweka uzi wa tatu. Nikanyamaza, mikono mfukoni, dakika arobaini. Alipima, akapima tena, akalaumu swichi ya mtandao, akanilaumu mimi, mwisho akachukua waya wa jirani yake akalinganisha rangi kwa rangi. Alipogundua alipiga meza hadi wenzake wakaruka. Naamini mpaka leo ukimwamsha usiku atakutajia rangi zote nane.

Kwa wateja nilichelewa: ni baada ya zile wiki tatu za risiti ndipo nikaanza kuwafanyia vilevile. Simwambii tena mhasibu asiguse kitu. Namwambia kijidirisha kikitokea akisome kwa sauti kabla ya kukifunga, kwenye simu kama nipo mbali. Mara nyingi anapomaliza kusoma anasema, "Aah, kumbe," na kukata simu. Hiyo simu sitozi.

Manenosiri yote ya ofisi naandika kwenye karatasi, naitia kwenye bahasha, inafungiwa kwenye kabati la mwenye mali. Kuna wenzetu wanaobaki nayo wao peke yao ili wasifukuzwe. Mimi naona huko ni kumteka mtu nyara ndani ya nyumba yake mwenyewe. Na data ya mteja usizurure nayo kwenye flashi mfukoni. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, unayeshughulikia data kwa niaba ya mwingine una saa 48 tu za kumjulisha ikivuja, naye ana saa 72 za kumfikia Kamishna wa Data. Ukiisahau ndani ya matatu ya Rongai, saa zimeanza kuhesabu.

Sasa pesa, maana najua ndiyo iliyokuleta. Ankara itoke kwa eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi, kwa sababu tangu Januari 2024 mteja asiye nayo hawezi kuihesabu kama gharama mbele yao, na atakurudisha nayo mlangoni. Ada ya ushauri ikifika shilingi 24,000 kwa mwezi, atakata asilimia 5 na kuipeleka KRA kwa jina lako. Dai cheti cha makato, usiseme utakichukua baadaye. Omba nusu kabla ya kuanza.

Jambo lililonisumbua zaidi ni mafunzo. Nikiyaandika kwenye makadirio kama mstari wake, mkurugenzi huufuta kwanza kabla hata hajaketi vizuri. "Watajifunza tu." Kwa hiyo niliuondoa mstari huo na kuandika kingine mahali pa makabidhiano: nitachomoa seva, na mtu wao, ambaye si mimi, atarudisha faili za jana kutoka kwenye bekapu. Zikifunguka, sehemu ya mwisho ya malipo inatolewa siku hiyo. Mimi nitakuwa chumbani, nimesimama karibu na dirisha, mikono mfukoni.