Saini ni posa, ndoa ni kuridhia: maswali yenu kuhusu mikataba ya kanda na kanda

Mkataba wa Samoa ulitiwa saini 2023 na tunaambiwa unatumika. Mbona bado unasubiri kuridhiwa? (Msomaji, Morogoro)

Saini ni posa tu. Mkataba huu wa Umoja wa Ulaya na nchi za Afrika, Karibiani na Pasifiki ulitiwa saini Apia, mji mkuu wa Samoa, tarehe 15 Novemba 2023. Tangu 1 Januari 2024 unatumika kwa muda, kuziba nafasi ya Mkataba wa Cotonou wa mwaka 2000 ambao muda wake ulikuwa umekwisha na kuongezwa mara kadhaa. Ili upate nguvu kamili, sharti Bunge la Ulaya litoe idhini, nchi zote za Umoja huo ziuridhie, na upande wetu uuridhie kwa angalau theluthi mbili ya wanachama. Ninachohofia ni kwamba jambo likishaanza kutendeka, wabunge huhisi kura yao imepitwa na wakati. Haijapitwa.

Bunge likiona kifungu kibaya, linaweza kukiandika upya? (Msomaji, Mombasa)

Kwa kawaida hapana. Hata Bunge la Ulaya hujibu ndiyo au hapana tu, halipewi kalamu. Lakini hapana ina uzito wake. Septemba 2016 Kenya na Rwanda zilitia saini mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Ulaya. Novemba, wabunge wa Tanzania wakaukataa, wakihofia viwanda vichanga vya ndani na mapato ya forodha. Mkataba wa jumuiya nzima ukakwama.

Niliunga mkono kukataa kule, lakini sisahau upande wa pili. Tanzania, ikiwa katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, ilikuwa na njia nyingine ya kuingiza bidhaa Ulaya bila ushuru. Kenya haikuwa nayo, na wakulima wake wa maua walikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi. Ndiyo maana Kenya ikaenda peke yake: ilitia saini mkataba wake Nairobi Desemba 2023, ukaanza kutumika 1 Julai 2024.

"Mazungumzo ya kisiasa" si maneno ya kupambia mkataba tu? (Msomaji, Bujumbura)

Wewe uko mahali ambapo maneno hayo yaliuma. Ibara ya 96 ya Cotonou iliruhusu upande mmoja kuuita mwingine kwenye mashauriano pale demokrasia au haki za binadamu zinapokiukwa, na yakishindikana, kuchukua hatua. Baada ya mgogoro wa 2015, Burundi iliitwa. Machi 2016 Ulaya ikasimamisha fedha zilizokuwa zikienda moja kwa moja kwa serikali, na zuio halikuondolewa hadi Februari 2022. Karibu miaka sita! Misaada ya kibinadamu kwa wananchi iliendelea, lakini bajeti ya nchi ilitikisika. Kwa hiyo mbunge anayeruka sura ya siasa ili awahi ya biashara anaruka sehemu yenye meno.

Kwa nini kuridhia huchukua miaka mingi? (Msomaji, Kigali)

Kila nchi ina bunge lake, uchaguzi wake na vipaumbele vyake. Amerika ya Kati ilianza mazungumzo ya kisiasa na Ulaya mjini San José mwaka 1984, vita vikiwa vinawaka katika kanda hiyo. Makubaliano yao ya mazungumzo ya kisiasa na ushirikiano yalitiwa saini Roma Desemba 2003. Yakaanza kutumika Mei 2014.

Mimi si mbunge. Nifanye nini? (Msomaji, Kisumu)

Kwenu Kenya, sheria ya mwaka 2012 ya kufanya na kuridhia mikataba inataka wananchi washirikishwe, basi peleka maoni yako kwa maandishi. Mkataba wa Samoa una sehemu ya msingi na itifaki tatu za kanda. Anza na itifaki ya Afrika, kisha muulize mbunge wako kama ameisoma.