Uume ukilala, kuna kemikali inayoulaza

Barua za safari hii karibu zote zinazungumzia "nguvu". Mimi nitazungumzia neva, yaani mishipa ya fahamu, maana huko ndiko mambo mengi yanakoanzia.

Shikamoo daktari. Nina miaka 34. Alfajiri uume unasimama vizuri, nikiwa na mke wangu unagoma. Nimerogwa?

Marahaba. Hukurogwa, na hiyo ya alfajiri ni habari njema. Uume uliolala haujapumzika bure: muda wote neva zinamwaga noradrenalini, kemikali inayokaza misuli ya mishipa ya damu ili damu iingie kidogo tu. Ili usimame, neva nyingine zitokazo sehemu ya chini ya uti wa mgongo hutoa kemikali nyingine, nitriki oksaidi. Misuli inalegea, damu inajaa, na vena za kuitoa zinabanwa. Kwa hiyo kinachosimamisha uume ni kulegea. Wagonjwa wangu hucheka nikiwaambia hivyo.

Usingizini, hasa wakati wa ndoto, neva za noradrenalini ubongoni hunyamaza, breki ikaachiwa. Ukiwa na mkeo unajiuliza "leo nitaweza?", na hofu hiyo inamwaga noradrenalini ile ile ambayo ungeimwaga ukikutana na nyoka. Mwambie mkeo ukweli. Hofu ikipungua, breki nayo inalegea. Lakini hata ya alfajiri ikipotea, kapime sukari na presha. Kisukari huharibu neva na mishipa midogo ya damu, na mara nyingine dalili huanzia hapo.

Vidonge vya bluu vinaongeza nguvu? Rafiki yangu anavimeza pamoja na dawa za moyo.

Haviongezi. Nitriki oksaidi ikishatoka, ndani ya misuli huzalishwa kemikali nyingine ya kuilegeza, kisha kimeng'enya huivunja. Sildenafili, dawa iliyomo ndani ya vidonge hivyo, huzuia kimeng'enya hicho tu. Neva zisipotuma ujumbe, kidonge hakina cha kulinda, ndiyo maana mtu humeza akakaa anatazama runinga na hakuna kilichotokea. Watafiti wa Pfizer huko Sandwich, Uingereza, walikuwa wakitafuta dawa ya maumivu ya kifua. Marekani iliidhinisha itumike kusimamisha uume Machi 1998, na mwaka huo huo wanasayansi Furchgott, Ignarro na Murad wakapata Tuzo ya Nobeli kwa kazi yao juu ya nitriki oksaidi.

Rafiki yako aache leo kuchanganya, kisha amwone daktari wake. Kama dawa yake ya moyo ni ya kundi la nitrati, zinazotanua mishipa ya damu, presha inaweza kuporomoka akafa. Na asikimbilie unga wa "mitishamba" wa mtaani: mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimekuta sildenafili ndani yake.

Nina miaka 67, natumia tamsulosini kwa ajili ya tezi dume. Nafika kileleni lakini hakitoki kitu.

Shikamoo mzee wangu. Ni noradrenalini tena, safari hii ikiwa rafiki. Wakati wa kilele ndiyo inayokamua mirija ya mbegu na tezi dume, na kufunga mlango wa kibofu. Dawa yako imeizuia ili mkojo upite, kwa hiyo manii hayasukumwi, au yanarudi kibofuni na kutoka na mkojo. Hayana madhara. Kama bado unatafuta mtoto, mwambie daktari wako.

Mirija hiyo hupokea pia ujumbe wa ATP, kemikali nyingine inayotolewa na neva. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti wa panya dume waliokosa kipokezi cha ATP kwenye mirija: walipanda majike kama kawaida, mbegu zao zilikuwa nzima, lakini uzazi ulishuka kwa takriban asilimia 90. Wanaotafuta kidonge cha uzazi wa mpango kwa wanaume bado wanaikodolea macho njia hiyo.

Tangu nianze dawa ya sonona nachelewa mno kumaliza.

Ni serotonini, kemikali ya ubongoni inayoongezwa na dawa nyingi za sonona; ikiongezeka, mshindo huchelewa. Usiache dawa ghafla, zungumza na aliyekuandikia.

Mwanangu wa miaka 16 ana seli mundu. Uume wake umewahi kusimama usiku kucha, kwa maumivu. Anaona aibu kusema.

Mama, ukisimama kwa muda unaozidi saa nne mfululizo ni dharura, hata kama ni usiku wa manane. Seli zilizopinda zimeziba njia ya damu kutoka, na tishu zinakosa oksijeni. Hospitali watanyonya damu hiyo kwa sindano na mara nyingi watachoma fenilefrini, dawa inayofanya kazi kama noradrenalini. Mwambie akuamshe.