Ziwa liko mashariki: kiangazi cha Chicago kwa sisi tuliokulia Mwanza

Kiangazi changu cha kwanza Chicago kilipita nikiwa ndani ya ghala. Nilikuwa nafungasha maboksi zamu ya usiku, na kila walipotangaza saa za ziada niliandika jina langu. Kulikuwa na ada za wadogo zangu, kodi ya nyumba na deni la tiketi ya ndege. Mchana nililala, pazia limefungwa. Mwisho wa Septemba, upepo ukiwa umeshageuka, jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama mmoja wa Kikongo kutoka Uvira, aliniuliza kama nimeshakanyaga mchanga wa Ziwa Michigan. Nikamwambia bado. Akanitazama kwa huruma: "Papa, weye ulikomalia pembeni ya ziwa, unaishi hapa dakika kumi, na haujafika bado?"

Maneno yale yaliniuma, na yananiuma hadi leo, kwa sababu kila mwaka naona wageni wetu wanafanya vilevile. Wanafika Aprili, wanapata kazi mbili Mei, wakija kuinua kichwa theluji inaanguka. Ndugu yangu uliyefika mwaka huu, nakuomba sana: fanya kazi, lakini itenge hata siku moja kwa wiki ya kwenda ziwani. Baridi ya hapa inakaa ndani ya mtu, na jua la miezi hii mitatu ndilo litakalokuvusha Februari.

Kwetu Mwanza, kiangazi ni Juni hadi Agosti, majani yamekauka na vumbi limetanda. Hapa kiangazi ni miezi hiyohiyo, ila ndiyo miezi ya majani mabichi, na mwisho wa Juni jua linazama kama saa mbili na nusu usiku. Nilipowapigia simu nyumbani saa mbili kasoro usiku nikawaonyesha watoto wakicheza mpira kweupe, mama alidhani namtania. Mtu anayetoka kazini saa kumi na moja jioni ana saa tatu nzima za mwanga mbele yake. Usizimalizie kwenye kochi.

Kufika ni rahisi. Chicago ziwa liko mashariki siku zote, kwa hiyo hata ukipotea, uliza mashariki ni wapi kisha tembea. Kwa tunaoishi Rogers Park na Edgewater, ambako Waafrika tuko wengi, unashuka treni ya Red Line kituo cha Morse au Jarvis, unafuata mtaa kuelekea mashariki, na kwa mwendo wa dakika kumi hivi mtaa wenyewe unaishia kwenye mchanga. Hakuna geti wala kiingilio. Ukitaka kutembea au kuendesha baiskeli, kuna njia ya kando ya ziwa yenye urefu wa kilomita 29, kuanzia Edgewater kaskazini hadi mtaa wa 71 kusini. Tangu 2018 waenda kwa miguu na wenye baiskeli wametenganishwa, kila kundi na njia yake, kwa hiyo angalia alama za chini kabla hujawaachia watoto wakimbie.

Nilipokuwa mgeni nilishangaa kwa nini eneo zuri namna hii halijazungushiwa ukuta wa hoteli. Sababu ni ya zamani. Mwaka 1836 waliochora ramani ya viwanja waliandika juu ya sehemu ya ufukwe wa katikati ya mji kwamba ni ardhi ya umma, ibaki wazi milele bila majengo. Baadaye mfanyabiashara Montgomery Ward alikwenda mahakamani tena na tena kuanzia 1890 kuulinda ufukwe huo, na ndiyo maana leo Grant Park ni nyasi na si maghorofa.

Lakini wazi kwa nani? Hilo ningependa kila Mwafrika anayetandika taulo pale alijue. Tarehe 27 Julai 1919, kijana mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alikuwa anaelea majini karibu na mtaa wa 29. Akavuka mstari ambao haukuchorwa popote, uliotenga maji ya weupe na ya weusi. Mzungu mmoja akawa anarusha mawe, na kijana akazama. Polisi alikataa kumkamata mrushaji, na ghasia zilizofuata ziliua watu 38. Hata mwaka 1961 watu weusi na weupe walilazimika kuingia pamoja kwenye maji ya Rainbow Beach kudai haki ya kuwa pale tu. Karibu na mtaa wa 29 kuna kibao cha kumbukumbu ya Eugene. Niliwapeleka wanangu, tukasimama, mkubwa akasoma kwa sauti. Kisha tukashuka ufukwe wa mtaa wa 31 tukaogelea mpaka vidole vikakunjamana.

Sasa maji yenyewe, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko kote.

Nilikulia Kirumba, Mwanza. Kuogelea nilijua kabla sijajua kusoma, na tulionywa mambo mawili tu: kichocho na mamba. Michigan haina mamba, maji yake ni maangavu, mchanga ni laini, basi mtu wa Victoria anajiona ameshafika nyumbani. Kiangazi changu cha pili, wiki ya kwanza ya Juni, jua lilikuwa kali na vijana walikuwa wanajirusha kutoka kwenye gati la zege. Nikavua shati nikajirusha. Baridi ilinipiga kifuani kama teke. Nilivuta pumzi bila kutaka, nikameza maji, nikataka kuita lakini sauti haikutoka. Mikono, ile mikono iliyozoea kukata maji tangu utotoni, ikawa mizito kama si yangu. Mzee aliyekuwa anavua samaki pale juu alininyooshea mpini wa wavu wake, nikaushika, wakanivuta. Nilikaa kwenye zege lile la moto nikitetemeka, na yule mzee akanivika koti lake bila kuniuliza neno.

Mapema Juni maji yanaweza kuwa nyuzi 13 tu hata kama hewani ni nyuzi 28. Ziwa hili lina kina kinachofika mita 281, zaidi ya mara tatu ya Victoria, na linachelewa sana kupata joto. Hata katikati ya Julai, upepo ukivuma kutoka nchi kavu unasukuma maji ya juu kwenda kati ya ziwa, ya chini yenye baridi yanapanda, na ufukwe uliouogelea jana kwa raha leo unakuuma mifupa. Upepo huohuo unachukua maboya ya kupuliza ya watoto na kuyapeleka mbali kabla hujamaliza kupaka mafuta. Kwa hiyo ingia kwa miguu, taratibu, maji ya magotini, ya kiunoni, ujipe dakika chache. Ukianguka kwenye baridi usipambane. Lala chali, elea, subiri pumzi irudi ndipo uite msaada.

Tena kaa mbali na magati na kuta. Mawimbi yakigonga ukuta yanarudi, na kando yake hutokea mkondo unaomvuta mtu kuelekea kilindini. Angalia bendera kabla hujatandika mkeka: kijani unaogelea, njano kuwa mwangalifu, nyekundu huingii, hata kama jua linawaka na anga ni safi. Waokoaji wanakuwapo kuanzia Ijumaa ya kabla ya Memorial Day mwishoni mwa Mei hadi Labor Day mwanzoni mwa Septemba, saa tano asubuhi mpaka saa moja jioni. Wasipokuwapo, sisi nyumbani tunalowesha miguu tu, basi.

Kama una watoto, mimi ningekushauri uanze na ufukwe wa Montrose. Ni mpana, maji yanashuka kina polepole, na kuna nyasi nyingi za kuchomea nyama. Tunafika mapema, kabla ya saa nne, tunachagua sehemu isiyo chini ya mti, tunawasha mkaa. Mishikaki inakuwa imelala kwenye tangawizi, kitunguu saumu na ndimu tangu usiku. Viungo tunanunua mtaa wa Devon kwa Wahindi na Wapakistani, na sato siku hizi wanapatikana maduka mengi. Mkaa ukiisha usiumwage kwenye nyasi wala kuufukia mchangani, kuna mtoto atapita hapo bila viatu. Kuna mapipa maalumu ya makaa ya moto, tumia hayo. Pombe hairuhusiwi.

Saa tisa hivi anapita mama wa Kimeksiko na mkokoteni wa mahindi. Ukisikia kengele, nunua. Anachukua hindi la kuchemsha, analipaka mayonezi kwa kisu kipana huku analizungusha, analiviringisha kwenye jibini iliyosagwa mpaka linakuwa jeupe, ananyunyizia pilipili nyekundu, kisha anakamua ndimu. Wanangu wanalila midomo ikiwa imejaa jibini. Mimi bado naomba la pilipili na ndimu tu, kama la kuchoma la kwetu, naye ameshanizoea. Akiniona anatikisa kichwa na kucheka, kisu cha mayonezi anakiweka pembeni.

Kwa jioni, nenda Millennium Park. Kuna jukwaa kubwa la chuma alilolibuni Frank Gehry, na mbele yake uwanja wa nyasi. Okestra ya Grant Park hupiga pale bure. Tamasha lake lilianza 1935, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, wanamuziki wengi walipokuwa hawana kazi. Sikuwahi kusikiliza violini maishani. Mara ya kwanza nilikwenda kwa sababu ya chemchemi ya jirani yake, ile minara miwili yenye nyuso za watu zinazotema maji, ambapo watoto wanalowa mchana kutwa. Tukachoka, tukatandika mkeka nyasini, tukala chapati na maharage kutoka kwenye hotipoti, na muziki ukaanza. Mdogo alilala mapajani kwangu. Maghorofa yalikuwa yanawaka taa moja moja, na nilijisikia, kwa mara ya kwanza tangu nishuke kwenye ndege, kwamba mji huu nao umeniandalia kitu. Tamasha la bluzi mwezi Juni na la jazi wikendi ya Labor Day nayo ni bure. Usiogope kwenda kwa kudhani si mambo ya kwetu.

Siku za joto kali sana ni jambo jingine. Julai 1995 joto liliua watu zaidi ya 700 katika mji huu, wengi wao wazee waliokuwa wanaishi peke yao, madirisha yamefungwa. Sisi tunajidanganya kwamba joto tumelizoea. Vyumba vya matofali ghorofa ya tatu bila kiyoyozi si nyumba ya Mwanza yenye upepo wa ziwa. Siku kama hizo, kabla hujaenda kuogelea, mgongee mlango mzee wa jirani. Mpelekee maji, kaa naye kidogo, mwambie kuna maktaba zenye ubaridi, na kama anaweza kutembea mchukue mwende wote ufukweni, kwani kando ya maji huwa kuna nafuu.

Yule mama wa Uvira tunakwenda naye kila mwaka. Hajui kuogelea na hataki kujifunza. Anakaa kwenye kiti chake cha kukunja, kitenge magotini, anachambua sombe, yaani kisamvu, na kuhesabu watoto wote, wake, wangu na wa watu asiowajua. Mwaka jana siku ya mwisho ya waokoaji, ile Jumatatu ya Labor Day, maji yalikuwa ya uvuguvugu kuliko siku zote. Filimbi ilipolia saa moja watoto walitoka wakilalamika. Yeye akavua ndala, akaingia mpaka vifundoni, akasimama akitazama mashariki. Nikamuuliza anaangalia nini. "Naangalia kama itaonekana milima ya kwetu," akasema, na hakutoka mpaka tulipomaliza kukung'uta mikeka.