Aliyesahau chumvi nilikuwa mimi

Wiki iliyopita msomaji mmoja ameniandikia. Amepandishwa cheo, sasa anasimamia watu tisa ambao mpaka mwezi uliopita alikuwa akila nao chipsi mayai mchana. Anauliza: "Dada, nifanyeje ili waniheshimu? Naona wamenizoea mno." Ujumbe ule nimeusoma mara tatu. Swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe, na jibu nililojipa lilimgharimu mtu mwingine.

Wakati huo nilikuwa kwenye kiwanda kimoja cha mikate hapa Dar es Salaam, zamu ya usiku. Nilianzia kufungasha, nikahamia kwenye kupima, halafu nikapewa usimamizi. Aliyenitangulia alikuwa mtu wa kufoka. Viatu vyake vikisikika tu, mazungumzo yanakatika. Nikaamini bosi ndivyo anavyotakiwa kuwa. Nikaacha kula na wenzangu, nikaacha kucheka nao, watu niliowajua kwa majina nikawa nawaita "wewe". Sauti ile haikuwa yangu. Nilikuwa narudi nyumbani asubuhi koo linauma.

Kazi ya kupima sikumwachia mtu. Mfuko wa unga wa kilo 50 unataka takriban kilo moja ya chumvi, na chumvi hiyo si ya ladha tu. Ndiyo inayoizuia hamira isikimbie, ndiyo inayolipa donge nguvu ya kusimama. Usiku huo tulikuwa na mifuko miwili. Nimeshapima chumvi yote kwenye bakuli, simu ikaita: mkurugenzi. Nikalisogeza bakuli kwenye rafu, nyuma ya magunia ya sukari, nikatoka nje kuongea. Niliporudi nikasema, "Washeni mashine."

Donge likaumuka kabla ya wakati wake, laini, linanata mikononi. Oveni ikatoa mikate karibu 300, imepauka, imebonyea juu, haina ladha. Saa kumi alfajiri kirikuu zimeshapanga foleni getini na hatuna cha kupakia.

Vijana walipotoka kunawa, nikaliona lile bakuli. Chumvi imejaa kama nilivyoiacha. Nikaangalia mlangoni, nikaimimina yote kwenye ndoo ya chumvi, nikalifuta bakuli kwa aproni.

Mkurugenzi alipokuja kuuliza, nikamwambia mkandaji hakuwa makini. Yule kijana akanitazama. "Dada, mimi nilikuta umeshapima." Hakuongeza neno. Alisaini barua ya kukatwa mshahara kope zake zikiwa bado na unga.

Baadaye nilikuja kuisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 28 kinasema mfanyakazi hakatwi fidia ya hasara mpaka iwe imetokana na kosa lake, apewe nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Yule kijana hakupewa nafasi ya sentensi mbili. Nafasi ile niliifunga mimi. Kama wewe ni msimamizi na hujawahi kuisoma sheria hiyo, isome. Usisubiri kuletewa na mtu unayemwonea.

Aliacha kazi baada ya miezi miwili. Nami heshima niliyokuwa naitafuta nikaipata: watu walinyamaza nikiingia. Walinyamaza kweli kweli. Mashine ikitoa mlio mbaya wananyamaza, unga ukija na wadudu wananyamaza, kila mtu anasubiri nigundue mwenyewe.

Ulipita karibu mwaka ndipo nikamfuata mkurugenzi nikamweleza. Akasema hayo yameshapita. Kwangu hayakuwa yamepita. Nilitoa fedha mfukoni mwangu, nikaulizia mpaka nikampata kijana yule Buguruni, anachoma maandazi kibarazani. Nikamwambia, "Chumvi niliisahau mimi." Akazihesabu zile fedha, akasema, "Asante, dada," akaendelea kugeuza maandazi yake. Hakunikaribisha kukaa. Bado inaniuma, na sina haki ya kumlaumu.

Ndugu zangu mliopewa vyeo, nawasihi: semeni ukweli mapema, ungali na bei ndogo. Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani miaka ya 1970, watuhumiwa wakafia mikononi mwa vyombo vya dola Mwanza na Shinyanga. Yeye hakumgusa mtu. Akajiuzulu, kwa sababu wizara ilikuwa yake. Mwaka 1985 akawa Rais. Waziri mzima aliachia kiti kwa makosa ya walio chini yake, na mimi nilishindwa kukubali kosa langu mwenyewe la kilo mbili za chumvi.

Halafu kuna wanaosema "mimi ndivyo nilivyo", wakatukana watu, wakaita huo ni uhalisi. Hapana. Kuwa mkweli kazini hakukupi ruhusa ya kumwaga kila hasira iliyoko kifuani. Umekosea, sema. Hujui, sema. Umemwonea mtu mbele za watu, muombe radhi mbele za watu hao hao, usimvizie chooni. Narudia: umekosea, sema.

Msomaji wangu, hao tisa kula nao. Kuzoewa si kudharauliwa. Mimi nilirudi kula na watu wangu, na siku ya kwanza ubwabwa ulikuwa mgumu kumezeka, hakuna aliyezungumza. Nikawasimulia habari ya bakuli tangu mwanzo mpaka mwisho. Ilichukua miezi kabla hawajaanza tena kuniita dada.

Sasa nina watu 14, na najivunia zamu yangu, sifichi. Mwezi uliopita, kama saa sita usiku, mashine inazunguka, kijana mgeni ambaye hana hata wiki sita amekuja mbio, mikono imejaa unga. "Dada, chumvi sijaweka." Donge lilikuwa bado kwenye mashine. Nikampa bakuli, akainyunyiza na maji kidogo, tukaacha izunguke dakika chache zaidi. Saa kumi kirikuu zilipakia zote.